Nani Aogopwe? Rai Kuhusu Kuwapendekezea Vijana Riwaya za Kutisha za Ghaibu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kutoa rai juu ya jambo ambalo sisi wanataaluma wa fasihi ya Kiswahili tumelikwepa kwa muda mrefu. Je, yafaa mwalimu ampendekezee kijana wa miaka kumi na minne hadi kumi na minane riwaya inayotisha, yenye mizuka, majini, wafu wanaorejea na mahali panaposemekana pamelaaniwa? Na ikiwa yafaa, achague zipi, na kwa kigezo gani?

Riwaya za namna hiyo tutaziita hapa riwaya za kutisha za ghaibu. Kwa istilahi hii tunakusudia kazi ya kubuni ya nathari ambamo hofu ya msomaji inaamshwa na jambo lisiloonekana au lisiloelezeka kwa urahisi, liwe jambo hilo mwishoni linapata maelezo ya kibinadamu au halipati. Vijana tunaowafikiria ni wale wa pembezoni mwa Dar es Salaam, yaani Mbagala, Tandika na Yombo kwa upande wa Temeke, na Mwananyamala, Tandale, Kunduchi na Bunju kwa upande wa Kinondoni. Majina ya Temeke na Kinondoni tunayatumia kwa maana yake pana ya zamani, ambayo iliingiza pia Kigamboni na Ubungo kabla maeneo hayo hayajafanywa wilaya katikati ya miaka ya 2010.

Swali hili halikutokana na nadharia. Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya alikuwa na desturi ya kuwaazima vitabu vijana wa mtaa mmoja wa Mbagala. Miongoni mwa vitabu hivyo kulikuwa na nakala iliyochakaa ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alikaa nayo kwa siku nne. Alipoirudisha aliamkia, akasimama kimya mlangoni, kisha akasema: “Mwalimu, kumbe mzimu haukumuua mtu. Sasa yule bibi wa kule kwetu alihamishwa kwa kosa gani?” Alikuwa akimzungumzia mpangaji mmoja mzee aliyeishi peke yake, ambaye watu wa mtaa walikuwa wamemnong’ona kwa miezi kadhaa baada ya mtoto wa jirani kufariki, hata akafungasha vyombo vyake akaenda asikojulikana. Mwalimu hakuwa na jibu la kumpa.

Maneno ya msichana mmoja hayathibitishi nadharia yoyote. Hata hivyo yalituonyesha njia ya kuuliza. Rai yetu ni kwamba riwaya ya kutisha ipimwe kwa swali moja kabla ya mengine yote: hadithi inapokwisha, nani anabaki kuogopwa?

2.0 Hofu ambayo vijana tayari wanaisoma

Wapo wanaodhani kwamba mwalimu akimpa kijana riwaya ya mizuka anamwingiza katika ulimwengu ambao asingeujua. Dhana hii haiafikiani na hali halisi. Kijana wa Tandale au Tandika amezaliwa ndani ya masimulizi ya kutisha. Anayasikia kwa bibi yake, kwa abiria wenzake ndani ya daladala, na anayasoma kwenye vibao vya waganga vilivyopigiliwa kwenye nguzo za umeme. Magazeti ya mitaani ya miaka ya 1990 na 2000 yalichapisha hadithi za mfululizo zenye majini na wachawi, nazo zilipokwa kutoka mkono hadi mkono hata karatasi zikalegea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaja filamu za video, kama vile Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zilizotazamwa majumbani na katika vibanda umiza. Leo masimulizi ya aina hiyo yanasomwa kwenye simu, sehemu kwa sehemu, usiku wa manane.

Kwa hiyo swali kwamba vijana wasome habari za kutisha au wasisome limekwisha kujibiwa na vijana wenyewe. Swali lililobaki kwetu ni kama wazisome bila ya mwongozo wowote, au wawe na mahali pa kulinganisha hadithi moja na nyingine na kuuliza kila moja inawatendea nini.

Kwamba hadithi inaweza kutenda, historia yetu ya karibuni ina ushahidi wa kutosha. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianzia Pemba, ikaenea Unguja, na uvumi wake ukavuka bahari hadi Dar es Salaam. Watu wazima walilala nje, wamekusanyika kwa makundi kandokando ya moto. Katika kipindi hicho mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu mjini Unguja kwa kudhaniwa kuwa ndiye Popobawa. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 nchi yetu ilishuhudia mauaji ya watu wenye ualbino, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, yaliyotokana na imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Serikali ilisitisha leseni za waganga wa jadi mwezi Januari 2009, na mwezi Januari 2015 ikatangaza tena hatua dhidi ya wapiga ramli chonganishi. Tangu zamani za ukoloni tulikuwa na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928. Sheria na matamko hayo yalikuja baada ya masimulizi. Kabla panga halijainuliwa, palikuwa na hadithi iliyokwisha kueleza nani ni mtu na nani si mtu.

Lakini si kila hofu ya ghaibu inamwangukia mnyonge. Mfano wa kinyume ni masimulizi ya mumiani. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalieleza neno hili kuwa ni dawa nyeusi inayofanana na gundi, ambayo watu waliamini kwamba hutengenezwa kwa damu ya binadamu. Katika Afrika Mashariki ya kikoloni ilivumishwa kwamba wazimamoto na watumishi wengine wa serikali waliwateka watu usiku na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake alichokitoa mwaka 2000, ameonyesha kwamba uvumi huo ulikuwa namna ya watu wa kawaida kuuzungumzia utawala uliowachukulia nguvu zao bila ya kuwaeleza sababu. Hapo kinachoogopwa ni gari la serikali, nguo rasmi na jengo lenye milango iliyofungwa. Uvumi wa mumiani nao uliweza kuwadhuru watu wasio na hatia, nasi hatuutetei. Tunachosisitiza ni kwamba hofu ina mwelekeo, na kwamba mwelekeo huo unaweza kuchunguzwa katika maandishi kama tunavyochunguza dhamira au wahusika.

3.0 Urithi tulio nao

Riwaya ya Kiswahili haikuanza na uhalisia mtupu ndipo ikaingiliwa na mizuka kutoka nje. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze (1952), anatuonyesha mtawala mwadilifu ambaye kila usiku analazimika kuwapiga nyani wawili, kisha anawahurumia na kuwalisha. Kisa chenyewe kinafanana sana na kimojawapo cha Alfu Lela U Lela. Msomaji anatishika kwanza na tendo hilo lisiloeleweka, na baadaye anatishika zaidi anapojua kwamba nyani hao ni ndugu wa Adili waliogeuzwa na jini kwa sababu ya usaliti wao. Tusisahau kwamba nchi ya mfalme anayesikiliza kisa hiki mwandishi ameiita Ughaibu.

Muhammed Said Abdulla alifuata njia nyingine. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda mashindano ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa mwaka 1960, inaanza na maiti iliyokutwa mahali pa mzimu. Kila mtu ana sababu ya kuamini kwamba wenye mzimu wamekasirika. Bwana Msa, pamoja na kiko chake, anakataa kuishia hapo, na uchunguzi wake unatuongoza hadi kwenye tamaa na siri za watu walio hai. Kisima cha Giningi (1968) inaendeleza mbinu hiyo, na jina lake peke yake, kwa msomaji aliyelelewa Unguja, linaamsha habari za mkutano wa wachawi. Wahakiki wengi wamezisoma riwaya hizi kama riwaya za upelelezi tu. Tunaona kwamba usomaji huo umezipunja. Upelelezi wa Abdulla una nguvu kwa sababu unatendeka mahali ambapo watu wanaogopa kukanyaga.

Baadaye Euphrase Kezilahabi alitoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), kazi fupi ambazo zilizua mjadala kama ziitwe riwaya au la. Ndani yake mji ni mahame, wakati umevurugika, na msafiri hajui kama anaokutana nao ni watu au vivuli. William Mkufya katika Ziraili na Zirani (1999) amempeleka msomaji hadi Ahera na Kuzimu ili kuhoji imani na kifo. Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka (2001) amemfufua babu aliyekwisha kuzikwa, akamleta kumsumbua mjukuu wake K, mtu mwenye madaraka na maisha ya anasa. Wahakiki wameziweka kazi za aina hii chini ya istilahi ya uhalisia mazingaombwe, na wameandika mengi ya maana juu yake. Hata hivyo makala hayo yameandikwa kwa ajili ya wenzetu wa chuo kikuu. Hakuna aliyemgeukia kijana wa kidato cha tatu kumwambia: soma hiki, kitakutisha, na utafurahi.

Hali hii haikuwa lazima. Huko Nigeria Daniel Fagunwa alichapisha mwaka 1938, kwa Kiyoruba, riwaya ya mwindaji anayeingia msitu wa mazimwi, na kitabu hicho kikasomwa na vizazi vya wanafunzi shuleni. Huko Ulaya kazi kama Frankenstein ya Mary Shelley (1818) na Dracula ya Bram Stoker (1897) zilidharauliwa na wengi kwa muda mrefu, na leo zinafundishwa bila ya aibu.

4.0 Kigezo

Tzvetan Todorov, katika kazi yake ya mwaka 1970 juu ya fasihi ya kifantasia, alieleza kwamba moyo wa fasihi hiyo ni kusita. Msomaji anasita baina ya maelezo mawili: ama jambo lililotokea lina sababu ya kawaida ambayo bado haijajulikana, ama sheria za dunia si zile alizozidhania. Hadithi ikichagua maelezo ya kwanza inakuwa ya namna moja. Ikichagua ya pili inakuwa ya namna nyingine. Nayo inaweza kubaki katikati.

Mgawanyo huu unafaa darasani, kwa kuwa kijana anaweza kuuelewa kwa mifano miwili tu. Abdulla anachagua maelezo ya kwanza. Said Ahmed Mohamed anachagua ya pili, kwani babu hakuwa ndoto tu ya kupita. Lakini kwa mazingira yetu mgawanyo huo hautoshi. Hadithi inayochagua maelezo ya kiakili inaweza kuwa ya kikatili, na hadithi inayokubali mizuka inaweza kuwa ya haki. Ndiyo maana tunaongeza swali letu la mwelekeo wa hofu. Tunapendekeza mwalimu ajiulize mambo matatu kabla ya kumpa kijana kitabu.

Kwanza, hofu inaanzia kwa nani na inaishia kwa nani? Katika Mzimu wa Watu wa Kale hofu inaanzia kwa wafu wasioweza kujitetea na inaishia kwa walio hai waliotenda. Katika Babu Alipofufuka inaanzia kwa mfu na inaishia kwa mjukuu aliyeisaliti nchi. Katika hadithi nyingi za mfululizo wa magazetini na simuni, inaanzia kwa mwanamke mzee, tasa au mgeni, na inaishia palepale, baada ya mwanamke huyo kuchomwa au kufukuzwa huku msomaji akishangilia.

Pili, je, anayeshukiwa anapewa kauli? Mtuhumiwa wa uchawi asiyesema neno lolote katika kurasa mia mbili amekwisha kuhukumiwa na mwandishi. Hapa inafaa kuikumbuka Takadini ya Ben Hanson, ambayo tafsiri yake ya Kiswahili imesomwa kwa miaka mingi katika shule zetu za sekondari. Takadini haikuandikwa kama riwaya ya kutisha, lakini inaeleza hofu hiyohiyo kutoka upande wa pili. Sekai anakimbia na mwanawe mwenye ualbino kwa sababu kijiji kimeamua kwamba mtoto huyo ni mkosi. Kijana aliyeisoma Takadini na kisha akasoma riwaya ya mizuka ana macho mawili.

Tatu, je, hofu yenyewe imeandikwa vizuri? Riwaya isiyotisha haiwezi kuchunguza hofu. Mwandishi anayeharakisha kutoa fundisho kabla msomaji hajaogopa anamnyima kijana kile alichokijia, na kijana atarudi kwenye simu yake.

5.0 Riwaya tunazozipendekeza

Kwa msomaji anayeanza, wa kidato cha kwanza na cha pili, tunapendekeza Adili na Nduguze. Ni fupi na kisa chake kinashika. Lugha yake ni ya juu, lakini mwalimu akiisoma kwa sauti sehemu ya usiku wa kwanza wa adhabu, darasa litanyamaza. Inafaa kuuliza baada ya kusoma: kati ya Adili, nyani na jini, nani hasa anatisha, na kwa nini? Mwalimu asishangae majibu yakigawanyika.

Kwa kidato cha tatu na cha nne tunapendekeza Mzimu wa Watu wa Kale na Kisima cha Giningi, na tunashauri zisomwe kwa mfuatano huo. Kijana akisoma ya kwanza atajifunza mbinu ya mwandishi, na katika ya pili ataanza kushindana na Bwana Msa. Kiswahili chake cha Unguja kina maneno ambayo kijana wa bara hatayajua, nasi tunaona hiyo kuwa faida. Kasoro yake ni kwamba maelezo ya mwisho huwa marefu, na fumbo likishafumbuliwa hakuna kinachobaki gizani. Baadhi ya vijana wanavunjika moyo hapo, na wana haki. Inafaa waambiwe kwamba wamekutana na uamuzi wa mwandishi, kisha wapewe kitabu kilichoamua vingine.

Kitabu hicho, kwa wale wa kidato cha tano na cha sita, ni Babu Alipofufuka. Hapa mfu hafafanuliwi akatoweka. Anamchukua mjukuu wake na kumwonyesha asiyotaka kuyaona. Kijana wa Mbagala atamtambua K upesi, kwa kuwa amewahi kuona gari la mtu kama yeye likipita kwa kasi kwenye madimbwi ya barabara ya mtaa wao.

Ziraili na Zirani tunaipendekeza kwa tahadhari. Inayagusa masuala ya imani kwa ujasiri, na mwalimu katika darasa lenye Waislamu na Wakristo lazima awe ameisoma yote kabla ya kuipendekeza. Nagona na Mzingile tunaziweka mwisho, kwa mwanafunzi wa kidato cha sita aliyekwisha kuzisoma nyingine na bado ana njaa. Ni kosa kumwanzishia kijana safari kwa Nagona na kisha kumlaumu kwamba hapendi kusoma.

6.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la wazazi na viongozi wa dini, kwamba vitabu hivi vinawazoeza vijana ushirikina. Tunaliheshimu. Lakini mzazi akiiangalia orodha yetu ataona kwamba katika kitabu kimoja anayeadhibiwa ni msaliti, katika viwili ushirikina unaumbuliwa, na katika kingine mwenye madaraka anaitwa kujibu. Kinachowazoeza vijana ushirikina ni simulizi isiyojadiliwa. Kijana aliyezuiwa kusoma Kisima cha Giningi hajazuiwa kusikia habari za Giningi.

Pingamizi la pili linatoka kwetu wenyewe. Tumezoea kuigawa fasihi katika ile ya dhati na ile pendwa, na kuuweka woga pamoja na mapenzi na ujasusi katika kapu la pili. Mgawanyo huo ulikuwa na kazi yake wakati wahakiki walipohitaji kuitetea riwaya ya Kiswahili kama taaluma. Leo unatuzuia kuona kwamba Shaaban Robert, Abdulla, Kezilahabi na Said Ahmed Mohamed, ambao hatuwaweki kapu moja, wote wameitumia hofu ya ghaibu. Aidha, unatufanya tuzisahau hadithi za magazetini kabisa, ilhali ndizo zilizosomwa na wengi kuliko vitabu vyote tulivyovitaja. Nyingi ni dhaifu, na baadhi zina hatari tuliyoieleza. Udhaifu na hatari hizo zilistahili kuchunguzwa na mtafiti.

Pingamizi la tatu ndilo gumu zaidi. Mtu anaweza kusema kwamba riwaya haizuii panga. Kwamba yule bibi wa Mbagala angehama hata kama mtaa mzima ungesoma vitabu vya Abdulla. Hatuna ushahidi wa kulipinga jambo hili, na hatudai kwamba fasihi ni chanjo. Tunadai jambo dogo zaidi. Yule msichana aliuliza swali ambalo hakuwa ameliuliza kabla, na aliliuliza kwa maneno aliyoyapata kitabuni. Wajibu wa mwalimu wa fasihi unaishia karibu na hapo.

7.0 Pengo

Ni lazima tukiri pia upungufu wa orodha yetu. Hakuna riwaya ndani yake ambayo mandhari yake ni Temeke au Kinondoni. Watoto wa Mama N’tilie ya Emmanuel Mbogo imewapa vijana wa Dar es Salaam sura ya ufukara wa jiji lao, lakini kwa uhalisia. Mwandishi wa makala haya hajakutana na riwaya ya kutisha ya ghaibu iliyoandikwa kwa ajili ya vijana, ikawekwa katika vitongoji hivi, na ikaweza kukijibu kigezo tulichokieleza.

Si kwamba mandhari hayapo. Kunduchi kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo zilizopambwa kwa vyombo vya kauri kutoka Uchina, na nyumba mpya zimejengwa karibu yake. Makaburi ya Kinondoni yamezungukwa na mji usiolala. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala. Watu zaidi ya ishirini walifariki, na maelfu walikimbia bila kujua wanakimbilia wapi. Watoto waliokuwa na umri wa miaka sita siku ile leo ni watu wazima. Wanakumbuka madirisha yaliyopasuka na mayowe ya mama zao. Mandhari kama hayo yanaisubiri riwaya ambamo wafu wanarejea kuuliza maswali, na ambamo anayepaswa kuogopa si bibi wa chumba cha uani.

Tatizo jingine ni lugha. Tuzo ya Burt ilipoingia nchini mwishoni mwa miaka ya 2000 iliwahimiza waandishi wetu kuwaandikia vijana, na ilifanya kazi nzuri, lakini kwa vitabu vya Kiingereza. Tuzo za Kiswahili zilizofuata, ya Mabati-Cornell na ile ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, zimefungua mlango. Ni matumaini yetu kwamba waandishi watauingia wakiwa na mizuka yao, na kwamba waamuzi hawatawarudisha kwa sababu ya mizuka hiyo tu.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Tumejaribu kuonyesha kwamba vijana wa pembezoni mwa Dar es Salaam tayari wanaishi na kusoma hofu ya ghaibu. Kwamba riwaya ya Kiswahili ina urithi wa kuichunguza hofu hiyo. Na kwamba kigezo kinachofaa kutangulia vingine ni cha mwelekeo wake. Tunamalizia na mapendekezo matatu ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda katika mazoezi ya kufundisha abebe angalau vitabu viwili kati ya hivi, avisome na wanafunzi nje ya vipindi, na aandike ukurasa mmoja juu ya walichosema. Kurasa hizo zikikusanywa kwa miaka mitano zitatupa data ambayo leo hatuna.

Pili, wanafunzi wa uzamili watafute hadithi za mfululizo za magazeti ya miaka ya 1990 na 2000 kabla karatasi hazijaoza, wazipange, na wazihakiki kwa kuuliza nani alifanywa kuwa adui ndani yake. Kazi hiyo inatosha tasnifu kadhaa.

Tatu, wachapishaji na maktaba waombwe kuvifikisha vitabu hivi Mbagala na Bunju. Kijana wa huko anapanda daladala mbili na kutumia nusu siku kufika Maktaba Kuu katikati ya jiji, na hatakwenda kwa ajili ya kitabu ambacho hakuna aliyemwambia kwamba kitamnyima usingizi.

Nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale aliyoirudisha yule msichana iliazimwa tena wiki ileile, na haijarudi hadi leo. Mwandishi wa makala haya hajaidai.